Mali bila Daftari: Mafundi wa Karagwe na Kyerwa na Haki ya Hataza

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Tumezoea kuutumia usemi huo kwa mwenye duka na kwa mtunza hazina wa chama cha ushirika. Ni mara chache tunaukumbuka tunapozungumzia mali iliyo kubwa kuliko fedha ya dukani, nayo ni maarifa yaliyomo vichwani na mikononi mwa mafundi wetu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, mali hiyo ipo tangu zamani, na kwamba inapotea kwa sababu haiandikwi. Walio na uwezo wa kuiandika ni walimu na watumishi wa umma, na kwa hiyo sehemu kubwa ya wajibu ni yao.

Haifai kamwe kudhani kwamba ufundi uliletwa katika nchi hii na wageni. Speke na Grant walipofika kwa Mfalme Rumanyika wa Karagwe mwaka 1861, na Stanley alipomfuata mwaka 1876, walikuta dola ambayo chuma kilikuwa sehemu ya fahari yake. Miongoni mwa vitu vya enzi vya wafalme hao walioketi Bweranyange vilikuwamo mikuki, nyundo na sanamu za ng'ombe zilizofuliwa kwa chuma. Jirani zao wa Buhaya walikwisha kuyeyusha chuma katika matanuru ya udongo kwa muda wa karibu miaka 2000. Mwaka 1978 wataalamu wawili kutoka Marekani, Peter Schmidt na Donald Avery, waliandika katika jarida la Science kwamba mafundi wa Kihaya waliingiza mifereji ya udongo ndani kabisa ya tanuru, ili hewa ya mivukuto ipate moto kabla ya kukutana na makaa.

Wataalamu wengine wamebishana nao juu ya kiasi cha joto lililopatikana, lakini funzo letu liko kwingine. Kazi ya kuyeyusha chuma ilikuwa imekoma miongo kadhaa kabla ya hapo. Wazee walioombwa kulijenga tena tanuru walikuwa na kumbukumbu tu, na iliwabidi kujaribu na kushindwa kabla ya kufaulu. Lau wageni wale wangalichelewa miaka 20 zaidi, huenda wazee wangalikwenda na elimu hiyo kaburini. Na hata ilipoandikwa, iliandikwa kwa Kiingereza katika jarida la ng'ambo, ambalo mjukuu wa mhunzi hakupata kuliona.

Leo mhunzi ana mashine ya kuchomelea. Kayanga, Omurushaka, Nkwenda, Isingiro na hata Murongo mpakani, mafundi wanakata vyuma, wanafufua pikipiki na kutengeneza milango na mikokoteni. Tukumbuke mwaka 2020, ugonjwa wa UVIKO-19 ulipoingia nchini. Mafundi wa kuchomelea katika miji mingi ya Tanzania walitengeneza kwa haraka vyombo vya kunawia mikono vinavyofunguliwa kwa kukanyaga kwa mguu, ili mtu asiguse bomba. Mkoa wa Kagera uliendelea kuhitaji vyombo vya namna hiyo, kwa kuwa ugonjwa wa Marburg ulizuka wilayani Bukoba mwaka 2023, na ukazuka tena Biharamulo mwaka 2025. Kila fundi alikuwa na namna yake ya kufunga kamba, springi na kikanyagio. Baadhi ya namna hizo zilidumu na nyingine zilivunjika baada ya wiki mbili. Ni nani aliyeketi akaandika ipi ilidumu, na kwa nini? Ugonjwa ulipotulia, vyombo vilipata kutu, na maarifa yake yakaenda pamoja na kutu hiyo.

Ili tuelewe hasara tunayoipata, yafaa kwanza tuifahamu hataza yenyewe. Hataza ni haki inayotolewa na Dola kwa mvumbuzi, ya kuwazuia wengine kutengeneza, kutumia au kuuza uvumbuzi wake bila idhini yake kwa muda maalumu. Kwa upande wake, mvumbuzi hutakiwa kueleza kwa maandishi na michoro jinsi kifaa chake kinavyofanya kazi, na maelezo hayo huwa wazi kwa umma, ili muda ukiisha kila mtu awe huru kukitengeneza. Hivyo hataza ni mapatano baina ya mtu mmoja na jamii nzima.

Kwa miaka mingi baada ya Uhuru, mvumbuzi wa Tanzania Bara hakuweza kupata haki hiyo moja kwa moja hapa nyumbani. Ilimbidi aipate kwanza Uingereza, kisha aje aiandikishe hapa. Sheria ya Hataza iliyotungwa na Bunge mwaka 1987, ikaanza kutumika mwaka 1994, ndiyo iliyoukata mnyororo huo wa kikoloni. Siku hizi kazi hiyo iko mikononi mwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, yaani BRELA, ulioanza kazi mwaka 1999, na Zanzibar ina ofisi yake. Kadhalika Tanzania ni mwanachama wa ARIPO, shirika la Afrika la miliki bunifu lenye makao yake Harare, ambako ombi moja laweza kuulinda uvumbuzi katika nchi kadhaa. Mlango umekuwa wazi kwa zaidi ya miaka 30. Kazi iliyobaki ni kumwezesha fundi wa Kyerwa kuupita.

Tuchukue mfano wa kubuni. Karagwe na Kyerwa ni nchi ya vilima, na mgonjwa wa kitongoji cha mbali huenda akahitaji kubebwa kwa machela mpaka penye gari. Tuseme fundi mmoja wa Omurushaka ameunda machela ya gurudumu moja. Gurudumu lajulikana, machela yajulikana, na hata kuviunganisha kumekwisha kufanywa kwingineko duniani. Akiomba hataza juu ya machela yenye gurudumu, atakataliwa. Lakini ikiwa ameweka breki inayojikaza yenyewe kila uzito wa mgonjwa unapoelemea mbele mteremkoni, na ikiwa breki ya namna hiyo haijapata kuonekana popote, hapo pana jambo la kuombea. Sheria inadai mambo matatu: uvumbuzi uwe mpya, usiwe jambo ambalo fundi wa kawaida wa kazi hiyo angaliliona mara moja, na uweze kutengenezwa au kutumika katika shughuli za uzalishaji. Kwa maboresho madogo yasiyofikia kimo cha hataza, sheria hiyo hiyo imeweka cheti cha ngazi ya chini, ambacho aghalabu ndicho kinachomfaa fundi wetu.

Sharti la upya ndilo linalowaangusha wengi. Kwa desturi yetu, fundi akibuni kitu, jambo la kwanza tunalomfanyia ni kumpongeza hadharani. Viongozi hualikwa, kifaa huwekwa mezani katika maonyesho ya Nane Nane, picha hupigwa na kusambazwa kwa simu, na fundi hupewa cheti cha kumshukuru. Nia huwa njema kabisa. Lakini sheria ya hataza huhesabu kitu kilichokwisha kuonyeshwa kwa umma kuwa si kipya tena, isipokuwa kwa vighairi vichache. Kwa hiyo sherehe ile ile tuliyomwandalia huenda ikawa ndiyo iliyomnyang'anya haki yake. Kadhalika, watu wawili wakibuni jambo moja, haki humwendea yule aliyetangulia kupeleka ombi. Utaratibu ulio salama ni kuandika kwanza, kupeleka ombi, kisha kuonyesha.

Ombi la hataza ni maandishi tangu mwanzo hadi mwisho: maelezo ya kifaa, michoro, muhtasari, na sehemu iitwayo madai, ambayo ndiyo roho ya ombi lote. Madai husema kwa sentensi chache kipi hasa ni cha mvumbuzi na kipi si chake. Fundi wetu wa machela akidai kidogo mno, mwingine atabadili msumari mmoja na kuuza. Akidai kingi mno, atakataliwa. Kazi hiyo yataka ufasaha wa lugha na nidhamu ya fikra, mambo ambayo mwalimu wa sekondari huyafundisha kila siku. Fundi ana nyundo na mwalimu ana kalamu, lakini wawili hao, ingawa huishi mtaa mmoja, hukutana tu pale kiti cha shule kinapovunjika.

Wapo watakaosema kwamba uvumbuzi wa vifaa vya tiba ni kazi ya maprofesa wa nchi tajiri. Fikra hiyo ni kasumba. Jorge Odón wa Argentina alikuwa fundi wa magari. Aliona njia ya kutoa kizibo kilichotumbukia ndani ya chupa kwa kutumia mfuko wa plastiki uliojazwa hewa, akafikiri kwamba mtoto aliyekwama wakati wa kuzaliwa angeweza kusaidiwa kwa njia kama hiyo. Kifaa chake kilipata kuungwa mkono na Shirika la Afya Duniani kwa ajili ya majaribio, na mwaka 2013 kampuni kubwa ya vifaa vya tiba, Becton Dickinson, ilichukua leseni ya kukitengeneza.

Mfano wa pili unaugusa mkoa wa Kagera kwa uchungu. Ni katika mkoa huu ambako wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mwaka 1983. Mwaka uliofuata, Mwingereza mmoja aitwaye Marc Koska alisoma gazetini kwamba sindano zinazotumiwa tena na tena zingeueneza ugonjwa huo. Hakuwa daktari. Alianza kujifunza jinsi sindano zinavyotengenezwa viwandani na jinsi zinavyotumika hospitalini, kisha akabuni sindano ambayo mtutu wake, ukishasukumwa hadi mwisho, haurudi nyuma, na mtu akiulazimisha huvunjika. Jambo la busara zaidi ni kwamba aliibuni ili iweze kutengenezwa kwa mashine zile zile ambazo viwanda vilikuwa nazo. Alichukua hataza, akatoa leseni kwa viwanda vya nchi mbalimbali, na ilipita zaidi ya miaka 10 kabla ya sindano yake kuuzwa. Safari hiyo ndefu ilianza kwa mtu kusoma gazeti na kuandika alichokiwaza.

Hapa yapo mabishano ambayo hayafai kukwepwa. Wako wenzetu, hasa waliolelewa katika siasa ya ujamaa, wanaouliza kama hataza haipingani na imani kwamba maarifa ni ya wote. Swali lao ni la haki, na watu wa Kagera wana sababu ya kuliuliza kwa sauti kubwa kuliko wengine. Mwaka 2000 dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI kwa mgonjwa mmoja zilikuwa zikigharimu zaidi ya dola 10,000 za Marekani kwa mwaka katika nchi tajiri. Mwanzoni mwa mwaka 2001 kampuni ya Cipla ya India ilitangaza kwamba ingeziuza kwa dola 350. Tofauti hiyo ilitokana kwa sehemu kubwa na hataza, na wakati mabishano yakiendelea, watu walikuwa wakizikwa. Ilibidi mkutano wa mawaziri wa Shirika la Biashara Duniani uliofanyika Doha mwezi Novemba 2001 utamke wazi kwamba haki za hataza zisizizuie nchi kulinda afya za watu wake.

Basi hataza ni kama kisu: huchinja au hukata kamba kwa kutegemea mkono unaokishika. Lakini kukikataa hakumwondolei mwenzako kisu chake. Mnyonge asiyeandikisha kazi yake hajaifanya kuwa mali ya wote. Mara nyingi ameifanya kuwa mali ya yeyote mwenye mtaji mkubwa zaidi. Mvumbuzi aliyeandikisha ndiye mwenye uwezo wa kusema, "Kifaa changu kitatengenezwa na ushirika wa vijana wa Nkwenda, na hospitali zetu zitauziwa kwa bei nafuu." Anayeipenda jamii anahitaji haki mkononi ili aweze kuigawa.

Tena iko faida ambayo wengi hawaijui. Hataza ina mipaka ya nchi. Kifaa kilichoandikishwa Japani au Ujerumani, lakini hakikuandikishwa Tanzania wala kupitia ARIPO kwa ajili ya Tanzania, kinaweza kutengenezwa na kuuzwa hapa bila kuvunja hataza ya mtu. Hali kadhalika kifaa ambacho muda wake wa hataza umekwisha. Maandishi ya mamilioni ya hataza za dunia, pamoja na michoro yake, yanasomwa bure kwa mtandao katika hifadhi ya Shirika la Miliki Bunifu Duniani, WIPO. Mwalimu mwenye simu ya kisasa anaweza kumsomea fundi wake jioni moja, wakajua kama walichokiwaza kimekwisha kufanywa, na kama kimefanywa, wakajifunza bure jinsi ya kukifanya vizuri zaidi. Hiyo ni maktaba ya ufundi isiyo na kifani, na tumeiacha ijae vumbi.

Ukweli lazima usemwe wote. Hataza haimpatii mtu soko. Ina ada ya kuombea na ada ya kuitunza mwaka hadi mwaka, na kifaa kisicho na mnunuzi hakifai kuandikishwa kwa ajili ya fahari tu. Na kwa vifaa vya tiba kuna mlango wa pili, ulio muhimu kuliko wa kwanza, nao ni usalama wa mgonjwa. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, iliyochukua nafasi ya TFDA mwaka 2019, ndiyo yenye wajibu wa kupima na kuruhusu vifaa hivyo. Hataza si kibali cha kumtumia mgonjwa kifaa. Muuguzi au fundi wa hospitali mwenye wazo jema asilijaribu kwa mtu kabla ya taratibu kufuatwa. Na ajue pia kwamba uvumbuzi uliofanywa kwa mujibu wa kazi aliyoajiriwa kwa kawaida huwa na mwajiri ndani yake, hivyo ni busara kuzungumza na mwajiri kwa maandishi mapema.

Sasa, nini kifanyike? Kwanza, walimu wa sayansi na ufundi waanzishe daftari la uvumbuzi katika kila shule ya sekondari. Kila wazo liwe na ukurasa wake: shida iliyomsukuma mtu, kifaa kilivyo, mchoro, tofauti yake na vilivyopo, tarehe, sahihi ya mwenyewe na ya shahidi. Daftari hilo peke yake halileti haki ya hataza, lakini hurahisisha kazi ya kuandika ombi na huzuia ugomvi. Tumkumbuke Erasto Mpemba, aliyekuwa mwanafunzi wa Magamba mwaka 1963, alipoona kwamba maziwa ya moto yaliganda kabla ya yale yaliyopoa. Mwalimu wake alimcheka. Aliendelea kuuliza mpaka alipompata Dkt. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Ugunduzi wa jambo la maumbile haupewi hataza, lakini jina la kijana huyo lajulikana duniani kote kwa sababu mtu mmoja hakumcheka, na kwa sababu liliandikwa.

Pili, hospitali na vituo vya afya vya wilaya hizi mbili viorodheshe shida zao za kila siku zinazoweza kutatuliwa kwa chuma, mbao na plastiki: kitanda kisichopanda, stendi ya dripu inayoanguka, kiti cha magurudumu kisichofaa njia za mawe. Orodha hiyo ipelekwe kwenye vyuo vya ufundi na kwa mafundi wa mitaani. Nchi yetu haikuanza jana katika kazi hii. Ilianzisha SIDO mwaka 1973, TEMDO mwaka 1980 na Tume ya Sayansi na Teknolojia mwaka 1986, na TEMDO kule Arusha imekwisha kutengeneza vitanda vya hospitali na matanuru ya kuchomea taka za hospitali. Fundi wa Kyerwa aliyekwama katika hesabu za nguvu ya chuma ana mahali pa kuuliza, ilimradi pawe na mtu wa kumwandikia barua.

Tatu, kila halmashauri imteue mtumishi mmoja, awe afisa biashara au afisa maendeleo ya jamii, ajifunze vema taratibu za BRELA na awe msaidizi wa wavumbuzi wa wilaya. Kabla ya kifaa chochote kupelekwa kwenye maonyesho au mashindano ya kitaifa, mtumishi huyo amwulize mwenyewe: umekwisha kupeleka ombi? Nne, Halmashauri zinazotoa mikopo ya asilimia 10 kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu zifikirie kuihesabu ada ya kuandikisha uvumbuzi kuwa gharama halali ya mtaji, kama vile zinavyohesabu cherehani au mizinga ya nyuki.

Katika mapendekezo hayo manne hakuna linalohitaji kiwanda kipya wala mkopo kutoka nje. Yote yanahitaji watu waliosoma kwa fedha ya wakulima wa kahawa na ndizi wa Karagwe na Kyerwa kuirudisha elimu hiyo kwa wenyewe. Mwalimu Nyerere alipoandika juu ya Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alionya dhidi ya shule inayomtenga kijana na jamii yake. Onyo hilo lingali hai maadamu msomi anapita mbele ya karakana kila asubuhi bila kuuliza kinachoundwa ndani. Na apite leo, aingie, aulize, na achukue daftari.